Lisanse Niliyoichagua Beni

Bulengera, Butembo, tarehe 9 mwezi wa nane 2001

Kwako yaya Ézéchias, mukubwa wangu,

Nakusalimia sana katika jina la Bwana. Kampala inakupokea namna gani? Kile kikohozi kilikuacha? Huku tuko, Mungu anatusaidia. Mama anauliza kila siku kama unapata foufou ya kula. Papa ni muzima, lakini juu yake kuko habari, hapana kushtuka.

Aksanti kwa nafasi ya kusomea commerce uliyonitafutia huko chuo kikuu. Papa alifurahi mpaka akatangaza sokoni ya kama Providence atarudi na lisanse, digrii ya chuo kikuu, na kushika depo yake ya bidhaa. Nilipomwambia kwamba mimi napenda lisanse ya administration publique, alicheka. Aliuliza hiyo serikali ninayotaka kusomea iko wapi. Barabara ya Beni nani aliitengeneza? Si yeye na wafanyabiashara wenzake, balichanga, balipika maharagi, balipanga batu na mapiki ya kuchimba? Mama naye akaongeza kwamba muchagua jembe si mulimaji. Donc nilinyamaza. Unanijua, yaya, kunyamaza kwangu si kukubali.

Basi mwezi uliopita, wale ba mouvement, waasi banaotawala Beni, baliweka barière kwenye barabara ile ile, kila lori ilipe. Wafanyabiashara balikasirika, balimutuma Papa kwenda kusema. Alinichukua niandike maneno ya mukutano. Tulipokelewa na mukubwa wa biro yao, anaitwa Henri, shati imepigwa pasi vizuri, basoda wawili na bunduki mulangoni. Papa aliuliza namna gani mutu anatoza kodi barabara ambayo hakuweka hata jiwe. Henri alijibu kwa ulizo moja tu: ni nani aliwaruhusu kugusa barabara ya serikali? Bazee balicheka. Yeye hakucheka. Alisema ni kutukana mamlaka, na Papa akafungwa palepale katika kasho, gereza yao.

Wengine balirudi Butembo kutafuta batu wa kumuombea Papa. Mimi nilibaki Beni kwa mama Adèle, yule wa kwaya. Nilikuwa napeleka chakula, na basoda banalazimisha nionje kwanza mbele yao. Papa alikuwa amekonda, lakini aliniagiza nisimupigie magoti mutu yeyote wa pale. Niliogopa, yaya. Kasho ile, kuko batu banatolewa usiku na hawaonekane tena.

Siku moja Henri aliniita peke yangu. Alikuwa amesoma maandiko yangu ya mukutano, akayasifu. Alisema banatafuta vijana wa kutuma huko Kampala kusomea lisanse ya administration publique kwa burse, feza ya masomo ya mouvement, halafu barudi kutumika kwake miaka tano. Alisema polepole, kama mutu anauzisha chumvi:

"Ukitia sinyatire kwenye karatasi hii, Papa yako analala kwake leo."

Nilitia. Jioni Papa akatoka. Anaamini ni bazee wenzake balimuokoa, anawaambia wote wasingya, wasingya, aksanti ya kwetu.

Sasa sikia neno ambalo sijamwambia hata Mama. Lisanse ile nilikuwa naitamani kweli. Kalamu ilipokuwa mukononi, nilimulilia Papa, na moyo ule ule uliruka kwa furaha. Sijui kama nilitia sinyatire kwa ajili yake ao kwa ajili yangu. Hilo njo linanikula.

Siku ya yenga Papa alitoa ushuhuda kanisani. Alimushukuru Mungu, kisha akasema: "Mutoto wangu yeyote atakayetumikia wale batu, asikule tena kwangu." Kanisa lote likajibu Amina. Nami nilisema Amina, yaya, kwa sauti.

Uwaambie ba commerce bape mutu mwingine ile nafasi. Usimwandikie Papa. Alhamisi ijayo ananisindikiza mwenyewe mpaka mupaka wa Kasindi, akifikiri nakuja kusoma commerce, na pale ataweka mukono kichwani mwangu kunibariki. Nitamwambia kabla hajauweka. Sitaki kuvuka na baraka ya kuiba.

Salimia bibi yako na batoto. Mama anawakumbatia wote. Nikifika mulangoni kwako bila kubarikiwa, hapana kuniuliza kitu, unifungulie tu.

Ni mimi mudogo wako,
Providence