Chifu Wangu ni Nani

Jumatatu, 5 Machi 1951
Ukuta wa nyuma umeanguka jana, upande anaolala mama. Bahati nzuri alikuwa jikoni. Leo nimekwenda kuomba ruhusa ya kujenga upya kwa mawe – nimekataliwa. Kibra ni ardhi ya serikali, wanasema. Udongo tu ndio ruhusa, na huo udongo nao ni kwa hisani yao. Basi. Nitaomba mkopo, ninunue nyumba kule mtaa mpya wa Waafrika, ng'ambo ya mji. Wajane pia wanakubaliwa, nimeuliza. Wanataka cheti cha ndoa, karatasi ya kifo cha mume, barua ya mwajiri. Vyeti ninavyo. Barua nitaipata.

Jumatano, 7 Machi
Memsahib, yule bibi Mzungu wa Kilimani, ameniandikia barua. Nimemshonea magauni tangu kabla ya vita. "Mabruka ni msichana mwaminifu, msafi, hanywi pombe." Msichana! Nina miaka arobaini na mbili, nywele zimeanza mvi. Nimeshukuru, nikatoka. Hasira imenipitisha njia ya kwetu, nikajikuta karibu na reli.

Ijumaa, 9 Machi
Ofisi ya mikopo. Karani anaitwa Gachanja. Si mtu mbaya, ila anauliza bila kuinua macho. Cheti cha ndoa, sawa. Karatasi ya jeshi kwamba Murjan wangu alifia Burma, sawa. Barua ya memsahib, sawa kabisa, hata akatabasamu. Kisha akataka barua ya chifu wa kwetu. Hiyo hakuna aliyeniambia.

"Kwetu ni Kibra," nikasema.

"Kibra si kwao mtu, mama. Lokesheni yako, eneo la kabila lako, ni gani?"

"Nimezaliwa huko. Baba alipewa shamba na jeshi. Kibali chake hiki hapa."

"Hicho ni kibali cha kukaa tu. Nyinyi ni Wasudani. Chifu wako ni nani?"

Wasudani, ndivyo wanavyotuita sisi Wanubi, na Sudani sijaiona hata kwa picha. Baba mwenyewe aliijua kwa kusimuliwa. Na Murjan alipokwenda kujiandikisha vitani, nani alimwuliza chifu wake? Walimpima kifua, wakamtazama meno, wakampa bunduki. Kufa anaruhusiwa kufa bila lokesheni. Mjane wake ndiye hawezi kupata mlango na dirisha.

Jumamosi, 10 Machi
Muthoni, rafiki yangu, amekuja na maharagwe kutoka Kawangware, kama kila Jumamosi. Amenikuta nafua kwa nguvu, akajua kuna jambo. Nimemweleza.

"Mjomba wangu Kiragu ni hedimani, msaidizi wa chifu. Muhuri anao. Atasema wewe ni mtu wa kwetu."

"Mimi, Mnubi?"

"Karatasi haioni uso, Mabruka."

Tukacheka. Halafu nikaona hachezi.

Jumatatu, 12 Machi
Barua ninayo. Mzee Kiragu hakutaka chochote, hata chai hakunywa. Ameandika kwamba kwetu ni Kawangware na kwamba ananijua tangu utoto. Amesema mambo yakiharibika, yeye atapoteza muhuri na mimi nitafungwa, kwa hiyo nisiitoe ovyo.

Nimemsomea mama. Akauliza: kama wewe ni wa Kawangware, mimi nimemzaa nani? Na shamba? Kibali kinasema ni la askari Msudani na jamaa zake. Wakiona kwenye faili kwamba mtoto wake si Msudani, watalichukua. Kaburi la baba liko hatua chache kutoka pale.

Nimemkasirikia mama, kana kwamba ni yeye aliyetunga sheria.

Jumanne, 13 Machi
Mvua. Turubai tuliloziba ukuta limechanika. Mama anakohoa.

Jumatano, 14 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya mikopo. Nimempa Gachanja karatasi zote isipokuwa ile ya Mzee Kiragu. Alipofika kwenye swali la kwetu ni wapi, nikamwambia aandike Kibra. Akaweka kalamu chini. Leo aliinua macho.

"Nikiandika hivyo, mama, Mzungu mkubwa wangu ataitupa fomu hii hata kabla hajaketi."

"Andika."

"Barua ya chifu unayo au huna?"

Nikafunga mikono kifuani. Akasema nikakae nje nifikirie, Mzungu akimaliza chai ataniita. Mvua imeanza tena. Namfikiria mama na lile turubai. Barua iko kifuani, imelowa jasho. Nikiitoa tutalala pakavu. Nikiitoa nimeikana Kibra kwa maandishi, na baba pamoja nayo. Hasira yangu haina pa kwenda – wao ndio wenye uongo, halafu mimi ndiye wa kufungwa kwa kusema uongo.

Mlango umefunguliwa. Gachanja anamwambia tarishi aniite. Jina langu liko mbele yake, kwenye karatasi nne. Hakulisoma.

"Mwite yule mama wa Kibra," amesema.