Wanga Mwingi, Wanga Wengi

Jumatatu, 9 Juni 1975

Nimechoka. Asubuhi watoto wa darasa la tatu, mchana foleni ya unga — sembe ya njano, na hata hiyo imekwisha watu kumi mbele yangu — saa kumi kisomo cha watu wazima. Arobaini kwenye daftari, kumi na sita kwenye madawati. Wengine wanasinzia. Siwalaumu.

Somo la leo chakula. Nikawaambia muhogo una wanga. Jani linapika kwa jua, hewa na maji, linapata sukari. Inayozidi linaigeuza wanga na kuweka akiba mzizini. Sisi tukila, mwili unaurudisha kuwa sukari, unaichoma, tunapata nguvu. Binadamu, kuku, mchicha, wote wanaishi kwa hiyo. Bi Sabaha, muuza muhogo wa kuchemsha pale soko jipya linapojengwa, alikuja na muhogo wake. Nikawatafunisha kila mmoja kipande bila kumeza mpaka utamu ukaja. Wakacheka kidogo.

Kisha nikatoa aidini, ile dawa ya vidonda ya sanduku la shule. Tone moja juu ya muhogo wa Bi Sabaha — mweusi tii! Tone jingine juu ya samaki mkavu wa Mzee Mwinyimvua — hakuna kitu. Nikasema, mmeona? Muhogo una wanga, samaki hana.

Kimya. Hata wa nyuma waliamka. Miaka sita nafundisha, sijapata kimya kama kile. Nimerudi nyumbani na furaha kidogo.

Jumatano, 11 Juni

Darasa limejaa! Watu mpaka dirishani. Kila mtu na kifurushi chake, unga, wali, ndizi, wanataka tone. Nikawaambia aidini si ya kuchezea, leo tunasoma hesabu. Wakanuna.

Bi Sabaha hakuja.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepita kwa Bi Sabaha. Saa sita mchana na sufuria bado limejaa. Siku zote saa nne anabaki na maganda tu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuniangalia.

Aliyenifumbua macho ni Josepha, tunayepanga naye nyumba moja. Tulikuwa uani tunafua. Akasema mtaa mzima unajua: mwalimu ana dawa ya kutambua wanga, na imemnasa Bi Sabaha. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mungu wangu. Mimi nasema wanga wa kwenye muhogo, wao wanasikia wanga wa kutembea uchi usiku! "Muhogo una wanga" — sentensi yenyewe haina pa kujitetea. Ningesema "wanga mwingi" angalau ngeli ingeniokoa. Sikusema. Nimejipalia makaa, na anayeungua ni mwingine. Mjane yule, katoka Lindi, hapa mjini hana hata binamu wa kumsemea. Mwenye nyumba wake ameshamwambia atafute pengine pa kulala.

Sijala. Sina hamu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejaribu. Nikaandika ubaoni: WANGA MWINGI ni chakula. WANGA WENGI ni wachawi. Nikawasomesha mara tatu, wakaitikia vizuri kama salamu. Nikadhani nimeshinda. Nikataka kumalizia kwa mfano, hapo ndipo nilipoharibu. Nikachukua vifurushi vyao vyote nikavidondoshea. Ugali, mweusi. Wali, mweusi. Ndizi, chapati ya Josepha, zote nyeusi. Nikasema, mnaona? Tunakula wanga sisi sote, kila siku!

Mama mmoja akaanza kulia.

Na mwanamume nyuma, mpagazi wa magunia, akasema taratibu: kumbe ndiyo maana tunaamka tumechoka hivi. Hata mimi nilitaka kuitikia.

Mzee Mwinyimvua ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Akasimama, akaamua: chakula si ushahidi, hupita mikono mingi. Wapimwe watu. Kesho saa nne, barazani kwake, aanze Bi Sabaha. Tone likikaa safi, abaki na chumba chake na biashara yake. Likiwa jeusi, ahame mtaa.

Nikakataa. Akaniambia kwa heshima kabisa, "Mwalimu, dawa ni yako. Kama hakuna kitu, unaogopa nini?"

Nikawaza: ngozi ya mtu haina wanga. Tone moja kwenye kiganja, halitageuka, mambo yamekwisha. Nikakubali. Akili iliyochoka nayo huonekana akili.

Jumamosi, 14 Juni

Saa tatu na nusu. Naandika upesi.

Bi Sabaha amekuja mapema, amekaa kwenye mkeka wangu. Kaoga, kavaa kanga mpya. Alfajiri kamenya muhogo. Nikamuuliza wa nini, na hakuna anayenunua. Akasema mikono imezoea.

Ndipo nikaziona kucha zake. Nyeupe pembeni, na nyufa za vidole nyeupe. Ni wanga wa muhogo. Sabuni haipatikani mjini wiki ya tatu. Nikamsugua kwa makumbi ya nazi mpaka akaguna. Hautoki, mwalimu, akasema, huu ni wa miaka kumi na minane.

Nikadondosha tone kwenye kidole gumba chake. Kujaribu tu, sisi wawili.

Jeusi.

Akaliangalia sana. Hakulia. "Kumbe kweli," akasema. "Na mimi mwenyewe nilikuwa sijui."

Nikamwambia si hivyo, ni muhogo tu huo, Bi Sabaha, tazama — nikajidondoshea na mimi. Nilikuwa nimetoka kula kiporo cha ugali. Vidole vikawa vyeusi vilevile. Nikamwonyesha, nikijua sasa ataelewa.

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Huruma aliyonitazama nayo sijui niiandikeje.

"Pole, mwanangu. Nawe umo?"

Mzee Mwinyimvua anabisha hodi, amekuja kutuchukua. Nyuma yake nasikia watu, wengi. Bi Sabaha ameshasimama, anajifunga kanga vizuri. Ananinong'oneza nikae nyuma yake, nifiche mkono, atatangulia yeye —