Kwa Mume Wangu Aliyevaa Fisi

Baba Zawadi, mume wangu,

Wageni wa arobaini wameondoka. Sufuria zimerudi kwa wenyewe, turubai limeshushwa, na mimi nimekaa upande wako wa kitanda kwa sababu upande wangu umejaa nguo za kukunja. Nimechoka. Nimechoka kulia, na zaidi nimechoka kujibu. Hata msibani mtu anakupa pole, kisha anakuinamia sikioni: "Eti lile fisi bado limo ndani?" Ndiyo maana barua hii naiandika wazi. Anayetaka kujua asome, aache kuniuliza.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuwa umepunguzwa kazi kwenye karakana ya Gerezani, ulikochomelea vyuma tangu uje mjini kutoka Liwale. Mimi nimerudi kutoka Kariakoo kwenye meza yangu ya mapazia, nakukuta umekaa sakafuni na kiroba cha makoti ya manyoya. Makoti ya kike ya Ulaya, mazito kama blanketi. Muuzaji wa mitumba wa Mchikichini alikuachia kwa bei ya kutupa, maana kwa joto la Bongo nani avae manyoya? Nilidhani umepata biashara.

"Unashona nini?"

"F-fisi."

"Fisi wa kazi gani?"

"Wa ku-kuvaa."

Nikacheka, nikaenda kubandika maji ya ugali.

Ilikuchukua miezi. Ulikunja waya ukapata taya. Ulichonga sponji ya godoro letu la zamani ukapata yale mabega yaliyoinuka. Madoa uliyapaka kwa rangi ya viatu, moja moja, huku unalinganisha na picha kwenye simu. Miguu ya mbele ulinipa mimi, maana cherehani hukuiweza. Sikutaka, lakini nilishona. Na siku ulipolivaa mara ya kwanza mle chumbani, ukageuza shingo taratibu kuniangalia, nilitoka nje. Halikuwa vazi la kuchekeshea watoto. Lilikuwa fisi kabisa.

Nilikuuliza baadaye, tukiwa tunakunywa chai, unapata nini humo ndani. Ulifikiri sana.

"Nikiwa humo," ukasema, "ha-hakuna anayesubiri nimalize neno."

Tangu utotoni watu walikuwa wanakumalizia maneno, na mimi mkeo nilikuwa wa kwanza.

Basi ukawa unatoka Jumapili asubuhi, barabara za karakana zikiwa tupu. Unatembea, unanusa, unakaa chini ya ukuta wa reli. Hukumfukuza mtu, hukumtisha mtu. Huko ndiko alikokukuta Neema, binti wa chuo anayechora, naye ana vazi lake la mbega, jeusi na jeupe, mkia mpaka chini. Akaanza kuja nyumbani. "Shikamoo mama, baba yupo?" Mlikuwa mnakaa barazani mnajadili masikio kama watu wengine wanavyojadili mpira. Nikiwaona nilikuwa nasikia aibu, na chini ya aibu hiyo nilikuwa nasikia wivu. Sikuwahi kukuambia.

Kisha mtoto wa chumba cha mbele akashikwa na degedege. Mchana huohuo mjumbe wa mtaa akaja na wapangaji wenzetu wakajaa mlangoni.

"Mama Zawadi, tunasikia humu kuna mnyama. Mambo ya kishirikina hatuyataki."

"Ni vazi tu, na si letu," nikasema haraka. "Ni la mteja. Akija kulichukua linaondoka."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Niliapa, Baba Zawadi. Wewe ulikuwa nyuma yangu umeshika mlango wa chumbani. Walipoondoka, hukupandisha sauti.

"U-ungesema ni langu."

Ni hayo tu. Ukalikunja, ukalitia kwenye kiroba, ukalisukuma uvunguni. Mtoto alitibiwa malaria hospitalini, akapona, akarudi kucheza uani, na hakuna aliyekuja kuniambia samahani. Na mimi sikuja kwako.

Mwaka uliofuata sipendi kuukumbuka. Ungenigombeza ningejua pa kushika. Lakini ulikuwa mpole tu, unakula nusu sahani, unajibu kwa kichwa. Neema akija namwambia umelala. Ulikuwa umekaa pale pale nyuma ya pazia, unasikia.

Siku moja mteja mezani kwangu akanikazia macho. "Mama, wewe si mke wa yule mzee wa fisi?"

"Simjui," nikasema. Nikampimia pazia lake, nikalikata, nikalifunga. Ila njiani kurudi niliishia Msimbazi. Nilikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa kama mgonjwa. Mara ya kwanza niliogopa watu wa mlangoni. Mara hii hapakuwa na mtu wa kuogopa, na nilikukana vilevile.

Jumapili iliyofuata nilivuta kiroba mwenyewe, nikakuambia, "Vaa."

Ukanitazama.

"Vaa, twende Kariakoo."

Nilitangulia na khanga yangu, wewe nyuma yangu kwa miguu minne, magongo mafupi uliyotia kwenye miguu ya mbele yanagonga lami. Gerezani walitupisha tu. Kariakoo, hata Jumapili, haina nafasi ya kupisha. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe huku anasema audhubillahi. Mtu akarusha maganda ya machungwa. Simu zikainuka kila upande.

"Mama, hiyo nini?"

"Mume wangu."

"Mume wako fisi?"

"Mume wangu amevaa fisi. Amelishona mwenyewe kwa mkono."

Kulikuwa na kijana ameokota jiwe, namkumbuka mpaka rangi ya fulana yake. Ulimwona kabla yangu. Ukasimama wima, ukavua kichwa, jasho linakutiririka mpaka kidevuni. Ulikuwa unacheka. Miaka yote ile ya ndoa sikuwahi kukuona unacheka mdomo wazi mbele za watu. Mbeba mizigo mmoja akaweka chini gunia lake, akapiga makofi. "Mzee, umetisha!" Kijana akaangalia jiwe lake, akaliachia.

Sitaki watu wadhani tulishinda. Video ilizunguka. Wateja wangu wawili wakubwa walihama. Zawadi alipiga simu kutoka Dodoma analia, walimu wenzake wamemwona baba yake, na akasema haji tena mpaka uache. Hukuacha. Hakuja. Miezi mitatu baadaye ukaanguka bafuni, na daktari akasema ni presha ya siku nyingi. Wapo wanaosema ni joto la manyoya ndilo lililokuua, na mimi ndiye niliyekuambia uvae. Hilo nalibeba. Siku nyingine naliona zito, siku nyingine naona ni maneno tu.

Wiki iliyopita vazi nilimpa Neema. Lilikuwa bado lina harufu yako, sikuweza kupata usingizi nalo chumba kimoja. Alilipokea kwa mikono miwili, akaondoka nalo bila kulificha.

Zawadi ndiye aliyebaki baada ya wageni wote. Jana, tukiwa tunachambua mchele, aliniuliza bila kuinua macho.

"Mama, siku ile ulikuwa huoni aibu?"

"Nilikuwa naona."

"Sasa uliwezaje?"

Angetaka nimwambie nilikuwa jasiri. Au kwamba nilikuwa nimekuelewa. Mpaka leo sina hakika kama nilikuelewa, Baba Zawadi.

"Nilikuwa nimechoka kumkana," nikamwambia.

Aliacha mchele. Akaomba likizo yake iongezwe wiki moja, na saa hii yuko uani anafua mashuka yako, anafua kwa nguvu mno, nasikia kutoka hapa. Nitamwacha afue.

Lala salama, mume wangu. Naomba unisamehe ile wallahi.

Mkeo,
Mama Zawadi