Darasa Zima Limeninunia

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana kichwa changu hakijui tena kipi ni kipi. Mimi ni mhadhiri wa chuo, nafundisha somo la mawasiliano, na tangu tuhamishiwe mtandaoni nafundishia chumbani, kompyuta nimeiweka juu ya meza ya kupigia pasi, mbele yangu vijidirisha vyeusi vyenye majina tu, na siku ya kwanza kulikuwa na vurugu, huku mtoto analia, kule sufuria zinagongana, mmoja anamwita dada yake afunge mlango, nikazima maiki zote nikafunga na sehemu ya kuandika ujumbe ili tusikilizane, na kweli pakatulia, lakini mshauri, pametulia mpaka leo! Nauliza swali, kimya. Nachekesha, nacheka peke yangu, mpaka mume wangu anachungulia mlangoni, "Mama, unagombana na nani humo?" Zamani darasani walikuwa wananizunguka mpaka nashindwa kutoka, sasa sijui nimewakosea nini, au nimezeeka, au wananiacha naongea wao wanalala, maana hata nikisema aliyeelewa aitikie, haitikii mtu, kuna vikono vya manjano tu vinachomoza pembeni mwa skrini, nadhani ni mapambo ya programu, na mmoja anayejiita Mama Pacha kikono chake hakishuki, kipindi kikiisha wote wanaondoka yeye anabaki, simwelewi anataka nini, basi nafunga tu. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, mkuu wa idara anaisubiri Ijumaa, na kazi hii naipenda, nimeiandika nalia. Niipeleke au nisiipeleke?

Mhadhiri Niliyesusiwa

Mwalimu wangu, pole, machozi yako nayaamini. Lakini nimekusoma mara mbili nikashika kichwa. Maiki ulizizima siku ya kwanza. Uliziwasha lini? Huniambii, kwa sababu hukuziwasha! Umewafunga watu midomo, halafu unanuna kwamba hawasemi, na mwalimu wa mawasiliano ndiye wewe.

Hivyo vikono si mapambo. Huko mtandaoni ndivyo mwanafunzi anavyonyoosha mkono. Wamekunyooshea muda wote huu, ukawatazama, ukaendelea na somo. Utaniuliza mbona hawakukutafuta wakakwambia. Wakwambie nini? Wanadhani ndivyo unavyotaka. Mwalimu aliyezima kilio cha mtoto siku ya kwanza, nani atathubutu kumpelekea shida zake?

Sasa nisikilize. Barua hiyo ichane. Kipindi kijacho fungua maiki kabla hujafungua somo, na kama hujui pa kubofya, muulize fundi wa kompyuta wa chuo, usione haya. Waombe radhi. Watakucheka, cheka nao. Anzeni kwa salamu kama watu: nani anaumwa, nani umeme umemkatikia, nani anasomea jikoni. Kamera usimlazimishe mtu, si kila mmoja ana ukuta wa kuonyesha. Sufuria zikigongana, mwombe mwenyewe azime maiki yake kidogo, usizime za wote. Wewe mwenyewe uko kwenye meza ya pasi, unamringia nani?

Na wa kwanza awe Mama Pacha. Mimi sijui ana neno gani, wala wewe hujui, na huenda mtoto aliyelia siku ile ni wake. Mwambie, "Karibu mama, nakusikiliza." Kisha nyamaza.