Geji Ilisema Kweli, Mzee Akaitwa Kipofu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kuchagua geji ya upepo wa matairi, ya kupimia gari la mashindano, iwe sahihi kabisa isiyopotoka hata kidogo, maana mume wangu ni dereva wa mbio za uwanjani na sasa kazi ya matairi nimeachiwa mimi, na kila nikishika geji napima tairi moja mara tatu, na sababu yake sijamwambia mtu.

Kazi hii ilikuwa ya baba mkwe. Ndiye aliyenifundisha, mume wangu akicheka kwamba mwanamke na jeki wapi na wapi, mzee akamjibu, "Niachie mwanangu, wewe shika usukani wako." Alikuwa na geji yake ya mshale ya miaka mingi, na daftari ambamo ameandika kila mbio na kila tairi, na matairi ya mbele siku zote ni paundi ishirini na nne za upepo, na gari linashika kona vizuri sana. Siku moja nilipita na ile geji kwenye duka la matairi ambako wana nyingine iliyokaguliwa, tukazijaribu zote kwenye tairi moja, ya mzee ikasema ishirini na nne, yao ikasema thelathini. Nikaona nikimwambia nitamwaibisha, basi nikanunua mpya ya aina ileile, nikaivua ya zamani gamba lake la mpira lililochakaa, nikaivisha mpya, ya zamani nikaificha ndani ya buti langu la mvua, nikajiambia funika kombe mwanaharamu apite.

Sikufikiri, mshauri, naapa sikufikiri, kwamba daftari lote lilikuwa limeandikwa kwa ile geji inayodanganya. Siku ya mbio mzee alipiga magoti akapima, akasema, "Leo mshale umetulia," akapunguza upepo mpaka ishirini na nne kama kawaida yake, na ishirini na nne yake ya siku zote ilikuwa thelathini. Mimi nimesimama pale pale nimeshika kitambaa. Mzunguko wa tatu tairi laini likajikunja kwenye kona, gari likaenda moja kwa moja ukutani, mume wangu akavunjika mtulinga.

Mkono ukiwa bado umening'inizwa shingoni, akaipeleka geji ikaguliwe, ikaonekana haina kosa hata moja. Basi akasimama gerejini mbele ya mafundi wote akasema, "Baba, geji ni nzima. Kibovu ni macho yako. Hakuna gari kama hili linalokimbia na ishirini na nne. Lete funguo za gereji." Mzee akatoa funguo, na aliyezipokea ni mimi, mshauri, kwa mikono hii hii.

Miezi miwili sasa. Mzee ameacha kunyoa ndevu mwenyewe, anasema atajikata. Simu ikiita ananipa nimsomee jina, na najua analiona. Juzi aliniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Kweli nilisoma vibaya?" Nikamwambia, "Uzee ni wetu sote, Baba." Akaniambia asante.

Nikisema, mume wangu ataniacha, ana hasira za karibu na tangu mwanzo hakunitaka gerejini, nikinyamaza naungua ndani kwa ndani. Kwa hiyo naomba uniambie geji gani ni sahihi, ili jambo hili lisitokee tena.

Mimi, Mke wa Dereva.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba. Swali lako nitalijibu kwanza kwa sababu ndilo jepesi. Chagua geji ambayo namba unayoitumia inaangukia katikati ya uso wake, si kule mwisho mshale unakobanana, na iwe na kitufe cha kupunguza upepo bila kuichomoa. Ilinganishe na iliyokaguliwa, kisha tumia hiyo moja tu, pima matairi yakiwa ya baridi, na usiiangushe. Ukibadilisha geji, badilisha na daftari. Geji inayodanganya kwa kiasi kilekile kila siku, fundi aliyeizoea hushinda nayo, na mzee wako alishinda nayo miaka yote hiyo.

Haya, umeshajibiwa. Sasa tuzungumze hilo unalolikimbia.

Huruma ninayo, ila ni kidogo. Ulianza kwa nia njema, na kosa la daftari lingeweza kumpata yeyote. Lakini mumeo aliposema "kibovu ni macho yako" nawe ukanyamaza, hapo kosa liliisha, ukaanza ubaya. Na lile la "uzee ni wetu sote", dada yangu, hilo hakuna aliyekulazimisha. Mtu amekupa ufundi, wewe umempa upofu. Msiba wa kujitakia hauna kilio, basi usinililie mimi.

Unaogopa kuachwa. Huenda ukaachwa kweli, sina dawa ya hilo na sitakudanganya. Mumeo naye ana lake la kujibu: hakujiuliza hata mara moja kwa nini ishirini na nne ileile ilimpa ushindi kabla ya siku ile. Lakini lake ataulizwa yeye.

Kesho asubuhi, gereji ikiwa imejaa, mwite mzee, mumeo, na mafundi walewale waliosikia. Sema kwa ufupi: nilibadilisha geji, nikaficha, nikanyamaza. Usitaje nia njema. Wakiitaka wataiona wenyewe.

Na jiandae kwa jambo moja. Miezi miwili inamtosha mtu kuamini kwamba haoni. Mzee anaweza kukushika bega akasema, "Asante mwanangu, unanifariji tu." Usibishane naye, wala usilie, atadhani unamhurumia. Mpe geji zote mbili, azijaribu kwenye tairi moja, kisha wewe rudi nyuma. Usimsomee. Asome mwenyewe, kwa sauti, mwanawe akisikia.