Kidude Chini ya Gunia la Alizeti

Kijiji cha Ihanja,
Wilaya ya Ikungi,
Singida.
24 Juni 2025

Mpendwa kaka Melkizedeki,

Shikamoo. Habari za Ujerumani, na kile kifua kilichokusumbua kwa baridi kimepona? Sisi huku tu wazima, ila upepo wa Juni umeshaanza kutupasua midomo. Mama anasema kifua hakiponi kwa mkate, utafute unga usonge ugali.

Kaka, kaa chini kwanza. Yule mbuzi mwekundu uliyemnunulia Baba kwa mshahara wako wa kwanza hayupo tena zizini. Hakuibwa wala hakufa. Baba amemtoa mwenyewe, kanisani, mbele za watu, na leo ni siku ya pili bado nimeduwaa. Kwenye simu nilishindwa kusimulia, maneno yaligongana, ndiyo maana nampa mgeni wa mchungaji anayerudi huko barua hii.

Unajua tangu alipougua mwaka jana vidole vyake vya mkono wa kushoto havina nguvu. Akibonyeza uzi wa gitaa, sauti inakatika kabla hajafika kwenye noti ya pili. Wazee wa kanisa walimwambia kwa upole kwamba Jumapili ya mavuno iwe ya mwisho, kisha gitaa la kanisa apewe Joseph, yule anayepiga besi. Baba aliitikia tu. Siku tatu hakumaliza chakula. Nilikuficha hilo, nisamehe.

Ile pedali ya kukwaruza sauti ya gitaa uliyomletea Pasaka aliijaribu mara moja nyumbani, akasema inalia kama mashine ya kukamua alizeti iliyoishiwa grisi. Akairudisha kwenye boksi. Jumapili aliiunganisha kwenye gitaa ikiwa imezimwa, akaiweka miguuni pake mbele ya madhabahu ili nikupigie picha, eti mtoto wake, yaani wewe, asivunjike moyo. Usimwambie kwamba nimekwambia.

Ikaja zamu ya kutoa mavuno. Mama Martina, jirani yetu mwenye mbavu za kubeba gunia peke yake, akatua gunia lake la alizeti juu ya pedali. Kitufe kikabonyea, ikawaka. Wengine wakarundika mahindi na mtama hapo hapo, na tenga la kuku. Hakuna aliyejua.

Baba akagusa noti ya kwanza ya wimbo wa shukrani. Kaka, sijawahi kusikia kitu kile. Gitaa lilinguruma mpaka mabati yakatetemeka, kuku wakachomoka tengani, mzee mmoja wa kanisa akakimbilia swichi ya umeme akidhani spika inaungua. Mimi nilishika benchi kwa mikono miwili. Baba alipapasa kwa mguu atafute kitufe, akakuta ni magunia tu.

Nilidhani ataacha, aibu imemmaliza. Lakini ile noti haikukatika. Aliigusa kidogo tu, nayo ikaendelea kulia, ikamsubiri mpaka kidole kizito kikafika kwenye noti nyingine. Nilimwona akikitazama kidole chake. Kisha akapunguza sauti kwenye gitaa lenyewe, taratibu, na ule mngurumo ukalainika ukawa kama sauti ya mzee aliyekaukiwa koo ambaye bado anaimba. Akaumaliza wimbo wote, beti nne. Mama alilia, nami nililia, sioni haya kusema.

Balaa likawa kwenye mnada. Mzee Michael, mnadishaji wetu, aliinua gunia akakiona kidude. Unajua desturi: kilichowekwa mbele ya madhabahu siku ya mavuno hakirudi kwa mwenyewe mpaka akinunue kama mtu mwingine. Nilijua watacheka wamrudishie. Mama Martina akasimama, akamgeukia Baba.

"Mzee Yohana, mwaka jana nilisahau ungo wangu hapo, ukasema sheria ni sheria. Nikaununua."

Mkuki kwa nguruwe. Kanisa zima likacheka, ila Baba hakucheka. Mwalimu mmoja mgeni kutoka Singida mjini, anayejua thamani ya kitu kile, akaanza kupandisha dau, akapandisha tena. Baba mfukoni alikuwa na hela ya soda.

"Natoa mbuzi," akasema.

Mzee Michael akauliza ni yupi.

"Huyo huyo mmoja niliye naye."

Mbuzi ambaye hata Krismasi hakuna aliyethubutu kumgusa, kaka. Mama aligeuka akamtazama Baba kama hamjui. Mwalimu akakaa chini.

Jioni wazee wakaja kuchukua gitaa kama walivyokubaliana. Baba aliwakaribisha, akawapa viti na chai. Walipolitaja gitaa akasema tu, "Njooni baada ya mavuno ya mwakani." Wakanywa chai, wakaondoka.

Nakuomba usikasirike kuhusu mbuzi. Msalimie sana wifi Flora, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu, Joseph pia, na hata Mama Martina, ambaye anatamba kijiji kizima kwamba ni yeye aliyewasha. Mungu aliyemrudishia Baba wimbo wake akukinge na baridi ya huko.

Wako akupendaye,
mdogo wako Felista

N.B. Baba ameniita sasa hivi kutoka uani. Anataka nikuulize betri ya kidude inakaa miezi mingapi, maana anahesabu mpaka mavuno.