Basi la Serikali

Jumanne usiku.

Yule mzee bado yupo kituoni Mlandizi. Maji ya mto Ruvu yameshuka, yeye kasimama tu na mbuzi wake.

Wakati wa mafuriko serikali ilikodi basi ninaloendesha, tukahamisha watu bure. Mkewe nilimpeleka kambini Kibaha. Yeye alikataa kuacha mbuzi, nikamwambia nitarudi. Hela ya dharura ikakata, kambi ikafungwa, watu wakatawanyika. Nikabandua karatasi ya "DHARURA" kwenye kioo, nikarudia kutoza nauli.

Leo nimesimama. "Shikamoo mzee. Panda, sitakudai nauli."

"Marahaba, mwanangu. Nangoja lile la serikali. Ndilo linalojua alipo mke wangu."

Nilitaka kumwambia ndilo hilihili. Nikaondoa gari. Angeniuliza mkewe yuko wapi.